Sheli na Lahaja Zake, Kutoka Murray Hill Hadi Fedha

Kila kompyuta inayoendeshwa kwa Unix, au kwa mfumo wowote uliozaliwa katika ukoo wa Unix, ina mkalimani wake, ambaye hupokea amri zilizoandikwa na mwanadamu, akazifasiri neno kwa neno kwa mujibu wa kanuni zake, kisha akazipeleka kwenye kiini cha mfumo zikatimizwe. Na mkalimani huyo ndiye aitwaye sheli. Amri hizo zikipangwa katika faili ili zitekelezwe moja baada ya nyingine pasipo mtu kuzichapa upya, faili hilo huitwa skripti. Na iwapo kazi ya skripti ni kuiendesha programu nyingine, kulinganisha jibu lake na jibu lililotarajiwa, na kutoa hukumu ya kufaulu au kuanguka, basi hiyo ni skripti ya majaribio. Historia ninayokusudia kuisimulia hapa ni ya jinsi sheli zilivyozaana, zikahitilafiana, zikapatanishwa kwa mkataba, kisha zikahitilafiana tena. Na jinsi hitilafu hizo, zilizoanzia katika maabara moja ya Marekani kabla wengi wetu hatujazaliwa, zilivyofika katika mtaa wa Fedha, huku Embakasi, upande wa mashariki wa Nairobi, ambako vijana wanaojipatia riziki kwa kuandika programu hukesha wakitafuta sababu ya jaribio lililofaulu katika kipakatalishi hiki kuanguka katika kile.

Fikira yenyewe ni kongwe kuliko Unix. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louis Pouzin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alichoka kurudia amri zile zile katika mfumo ulioitwa CTSS, akaunda programu aliyoiita RUNCOM, ambayo ilisoma amri kutoka katika faili. Na baadaye, mfumo wa Multics ulipokuwa ukibuniwa, yeye ndiye aliyependekeza kwamba mkalimani wa amri awe programu ya kawaida iliyo nje ya kiini cha mfumo, akaipa jina la sheli. Uamuzi huo wa kuiweka nje ndio asili ya habari zote zitakazofuata, kwa kuwa programu iliyo nje yaweza kubadilishwa na yeyote apendaye, na asiyeridhika na sheli ya mwenzake hana haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kuunda ya kwake.

Ken Thompson alipoandika sheli ya kwanza ya Unix mwaka 1971, katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, aliifanya ndogo mno. Hata neno if halikuwa ndani yake: if ilikuwa programu ya kando, na goto vile vile ilikuwa programu ya kando, ambayo kazi yake ilikuwa kuirudisha sheli mwanzo wa faili la skripti, kulipekua faili hilo mpaka iione alama iliyotajwa, kisha kuiachia sheli iendelee kusoma kuanzia hapo. Ilikuwa hila ya kupendeza, na kwa kazi za siku zile ilitosha. Lakini watu wa Bell waliotaka kuandika skripti ndefu waliona dhiki, na katikati ya miaka ya 1970 John Mashey akaipanua sheli hiyo ili iweze kubeba vigeu, yaani majina yanayohifadhi thamani, na miundo ya masharti.

Aliyeleta mageuzi makubwa ni Stephen Bourne, Mwingereza aliyesoma Cambridge na ambaye kabla ya kufika Bell alikuwa ameishughulikia lugha ya ALGOL 68 kwa muda mrefu. Sheli yake ilitolewa mwaka 1979 pamoja na Toleo la 7 la Unix, na athari ya ALGOL ilikuwa bayana ndani yake, kwani kila muundo ulifungwa kwa jina lake lililopinduliwa: if ikafungwa kwa fi, na case ikafungwa kwa esac. Kwa kanuni hiyo, do ilistahili kufungwa kwa od, na hivyo ndivyo ingekuwa, lau si kwamba od lilikuwa tayari ni jina la programu nyingine ya Unix iliyochapa yaliyomo katika faili kwa tarakimu za msingi wa nane. Ndipo Bourne akaazimu kutumia done. Kijana anayeandika done leo, akiwa orofani Fedha huku ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Jomo Kenyatta, anatimiza shauri lililokatwa zaidi ya miaka 40 iliyopita kwa ajili ya jina lililokwisha kuchukuliwa.

Katika toleo lile lile la 7 ilikuja amri iitwayo test, ambayo huulizwa maswali, je, faili hili lipo, je, maneno haya mawili ni sawa, nayo hujibu kwa kurudisha nambari: sifuri kwa ndiyo, na nambari nyingine kwa hapana. Juu ya amri hiyo ndogo umejengwa ulimwengu mzima wa skripti za majaribio, na kutoka katika amri hiyo hiyo yametoka magomvi mengi ya sheli.

Wakati Bourne alipokuwa akiikamilisha kazi yake, upande wa pili wa Marekani, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, kijana mmoja aitwaye Bill Joy alikuwa ameunda sheli nyingine, C shell, iliyosambazwa mwaka 1978, yenye nahau iliyofanana na lugha ya C na yenye uwezo wa kukumbuka amri zilizopita ili mtu asizichape tena. Watu waliipenda kwa kuchapia amri papo kwa papo, lakini walipojaribu kuandikia skripti waliona mapungufu yake. Na tangu siku hizo pakawa na koo mbili, ukoo wa Bourne na ukoo wa C, ambazo hazikuelewana hata katika jambo jepesi la kukipa kigeu thamani. Mwaka 1983, David Korn wa Bell Labs akaitangaza sheli yake, iliyoshika nahau ya Bourne na kuazima starehe za Berkeley, na katika toleo lake la mwaka 1988 yakaingia mabano mawili ya mraba, [[, yaliyokusudiwa kuziba kasoro za test. Korn alikuwa fundi wa dhati, na mengi ya mazuri tuliyo nayo leo yalitoka mkononi mwake. Ila kila zuri alilolizidisha lilikuwa neno jipya ambalo sheli nyingine haikulijua.

Hapakuwa na amri iliyozusha fadhaa kuliko echo, na inastaajabisha, kwa sababu hakuna amri iliyo nyepesi kuliko hiyo: kazi yake ni kuyatoa maneno uliyoipa, basi. Lakini mara nyingine mtu hataki mstari ukatike baada ya maneno, na kwa haja hiyo echo ya Toleo la 7 ilipewa alama ya -n, ambayo watu wa Berkeley waliishika; na watu wa AT&T, kampuni mama ya Bell Labs, katika Unix yao ya kuuza iliyojulikana kwa jina la System V, walikidhi haja hiyo hiyo kwa njia nyingine, wakaifundisha echo kufasiri alama zinazoanza kwa mkwaju wa nyuma, hata \c ikawa na maana ya kutokata mstari na \n ikawa na maana ya kuukata. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na wala haukupatikana mwamuzi. Hata sasa, mtu akiandika echo "a\nb" katika sheli iitwayo dash, atapata mistari miwili. Akiandika maneno hayo hayo katika sheli nyingine iitwayo bash, ikiwa katika hali yake ya kawaida, atapata mstari mmoja wenye mkwaju na herufi n vikionekana waziwazi. Tuseme basi kwamba skripti ya majaribio imeliandaa jibu linalotarajiwa kwa kutumia echo ya namna hiyo: programu inayojaribiwa haikubadilika hata chembe, nayo itahukumiwa kuwa imefaulu katika mashine moja na kuwa imeanguka katika nyingine, na aliyeiandika atapoteza usiku mzima akiichunguza programu isiyo na hatia.

Mafundi wa miaka ya 1980 walijifunza hadhari kwa taabu. Wao ndio walioanzisha ada ya kuandika [ "x$jibu" = "xndiyo" ], ile x ikitangulizwa pande zote mbili, ambayo vijana wa leo wakiiona hudhani ni makosa ya kuchapa. Sababu yake ni kwamba test za kale zilipopewa kigeu ambacho thamani yake ilikuwa alama ya mshangao, au mabano, au kitu kama -f, zilidhani kwamba thamani hiyo ni sehemu ya swali lenyewe, zikachanganyikiwa. Na ile x, kwa kuwa haina maana yoyote katika lugha ya test, iliikinga thamani isidhaniwe kuwa ni amri. Larry Wall, alipoitoa lugha ya Perl mwezi wa Desemba mwaka 1987, aliifungasha pamoja na skripti ndefu ya Configure iliyoipeleleza kila mashine kabla ya kuanza kazi, na majaribio yake yakawa yanatangaza matokeo kwa mistari mifupi ya ok na not ok, desturi iliyoenea baadaye hata nje ya Perl. Mwaka 1991, David MacKenzie akaanzisha Autoconf, programu inayoandika skripti za upelelezi wa aina hiyo kwa niaba ya fundi, na mwongozo wake ukaja kuwa na sura nzima kuhusu mambo ambayo sheli mbalimbali hazikubaliani. Sura hiyo naiheshimu kuliko vitabu vingi vyenye majalada mazuri, kwa kuwa kila aya yake imetokana na mtu aliyeumia.

Mwaka 1989 uliongeza sheli mbili, tena katika muda usiotimia majuma mawili. Mwisho wa mwezi wa Mei, Kenneth Almquist aliisambaza ash, sheli ndogo yenye nahau ya Bourne lakini isiyokuwa na msimbo wa AT&T ndani yake, nayo ikapokewa na watu wa BSD, Unix ya Berkeley, waliokuwa wakitafuta kujitoa katika leseni za AT&T; na mwanzoni mwa Juni, Brian Fox, aliyeajiriwa na taasisi ya Richard Stallman ya Free Software Foundation, akalitoa toleo la kwanza la majaribio la bash. Ash ilipunguza, bash ilijumuisha, ikachukua ya Bourne, ya Korn na ya Berkeley, ikaongeza ya kwake, na chini ya utunzaji wa Chet Ramey ikaja kuwa sheli iliyozoeleka zaidi katika Linux. Karibu kila kisa cha mtaani kwetu kimetoka katika tofauti ya tabia za watoto hao wawili wa mwaka mmoja. Mwaka uliofuata, Paul Falstad, akiwa mwanafunzi wa Princeton, akaongeza zsh. Lakini hiyo tutakutana nayo baadaye.

Ilikuwa dhahiri kwamba bila ya mapatano mambo yangezidi kuharibika. Chama cha wahandisi cha IEEE kilikuwa kimekwisha kuutoa mkataba wa kwanza mwaka 1988, ambao jina lake la POSIX lilipendekezwa na Stallman, na mwaka 1992 kikatoa sehemu ya pili, inayohusu sheli na amri zake. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana jinsi kazi ya aina hii inavyofanywa. Mwezi wa Juni mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikata shauri kwamba Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu na ya shule, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukisanifu; Kimvita na Kiamu, vilivyokuwa na hazina kuu ya mashairi, vikabaki nje ya kanuni, na wenyewe wakaona uchungu, lakini mtoto wa Tabora na mtoto wa Kisumu wakaweza kusoma kitabu kimoja. Wenye POSIX walifanya vivyo hivyo: waliichukua sheli ya Bourne kama ilivyokuwa katika System V, wakaiongezea baadhi ya mambo ya Korn, wakayaacha mengine, yakiwamo yale mabano mawili, na katika suala la echo walikiri kwamba hakuna njia ya kuwapatanisha, wakawashauri watu watumie amri nyingine, printf, ambayo haikuwa na historia ya ugomvi. Nawasifu kwa uamuzi huo. Ni insafu kukiri kwamba neno limeharibika kwa kugombewa, na kumpa mwandishi neno jingine lililo safi.

Nairobi iliyapokea mambo haya yakiwa yamekwisha kukomaa ng'ambo. Intaneti ilipoanza kupatikana mjini katikati ya miaka ya 1990, kwa juhudi za kampuni kama Africa Online, iliyoasisiwa na Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, seva za kazi hiyo aghalabu ziliendeshwa kwa Unix au jamaa zake, na waliozitunza walikuwa wachache waliojifunza juu kwa juu. Darasa kubwa lilikuja mwaka 2006, pale jumuiya ya waendeshaji wa mitandao ya Afrika, AfNOG, ambayo tangu mwaka 2000 ilikuwa ikihamisha mafunzo yake kutoka mji hadi mji wa bara letu, ilipofanya mkutano wake Nairobi. Mafunzo yale ya Unix yalitolewa kwa FreeBSD, mfumo wa ukoo wa Berkeley, ambao sheli yake ya sh ni mjukuu wa ash ya Almquist, ambao siku zile ulimpa msimamizi mkuu sheli ya ukoo wa C aingiapo, na ambao haukuwa na bash mpaka mtu aiweke mwenyewe. Tena ukiiweka, inakaa katika /usr/local/bin na si katika /bin, kwa hiyo skripti inayoanza kwa #!/bin/bash haipati hata nafasi ya kukosea, kwa kuwa mkalimani aliyetajwa hayupo mahali hapo. Waliofunzwa kwa namna hiyo walitoka na adabu ambayo wenzao waliozoea Linux peke yake hawakuwa nayo.

Na mwaka ule ule wa 2006, kwa upande wa Linux, ardhi ilitikisika. Mfumo wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulikuwa ukitumwa bure kwa posta katika sidii kwa kila aliyeuomba, na kwa nchi iliyotegemea setilaiti za polepole na za ghali, zile sidii zilikuwa rehema. Katika Ubuntu 6.06, iliyotolewa mwezi wa Juni, sh ilikuwa jina jingine la bash; katika Ubuntu 6.10, iliyotolewa Oktoba, sh ikawa dash, ambayo ni ash ile iliyohamishwa na Herbert Xu mwaka 1997 hadi Debian, mfumo mama wa Ubuntu, na kupewa jina hilo mwaka 2002. Sababu ilikuwa njema: dash ni nyepesi, na kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa kupitia skripti chungu nzima iliwaka upesi zaidi. Hata hivyo skripti zisizo na idadi, zilizojiita za sh ilhali zilikuwa za bash moyoni, zilivunjika siku hiyo. Lililokuwa likivunjika mara nyingi zaidi ni dogo kupindukia: bash hukubali mtu alinganishe maneno mawili ndani ya test kwa ==, na mkataba unajua = moja tu; dash ikishika mkataba ikajibu "unexpected operator", ikahesabu kwamba ulinganisho umeshindwa, na skripti ikaendelea na safari kwa njia isiyo yake. Debian yenyewe ilifuata mwaka 2011.

Kisha mashine zikaongezeka, na kila moja ikaja na mkalimani wake. Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na intaneti ikapata kasi iliyowezesha mtu wa Eastlands kufanya kazi ya programu akiwa chumbani kwake. Mwaka 2011 simu ya Huawei IDEOS iliuzwa hapa kwa bei iliyokuwa chini ya shilingi 10,000, na wengi wakaishika Android kwa mara ya kwanza. Nayo Android, mwaka huo huo, ilikuwa ikiiacha sheli ya ukoo wa ash na kuichukua mksh ya ukoo wa Korn. Apple, kwa kutoikubali leseni mpya ya bash, ilibaki na toleo la 3.2 la mwaka 2006 mpaka leo, na mwaka 2019 ikawapa watumiaji wapya zsh badala yake. Juu ya hayo, programu nyingi sasa hufungashwa katika kontena zilizojengwa juu ya Alpine, mfumo mdogo ambao sheli yake ni ya BusyBox, tena ya ukoo wa ash.

Mtu akitaka kuona maana ya orodha hiyo, na aje Fedha. Hapa hakuna afisi inayowagawia wafanyakazi mashine za namna moja. Mmoja ana kipakatalishi cha mtumba kilichonunuliwa Luthuli Avenue akakiwekea Ubuntu. Wa pili ana Mac aliyoachiwa na ndugu aliyerudi ng'ambo. Wa tatu, ambaye hajajaliwa kupata kipakatalishi, anaandika skripti katika simu ya Android kwa programu iitwayo Termux. Na kazi ya wote watatu itakwenda kuendeshwa katika kontena ya Alpine kwenye seva iliyo Ulaya. "Bro, kwangu inapita," asema wa kwanza, na wa pili, akiitazama skrini iliyojaa nyekundu, ajibu, "Kwangu imekataa, hebu cheki tena." Wote wawili wasema kweli. Mtaa ambao vifaa vyake vimeokotwa mmoja mmoja kadiri ya uwezo ndio unaohitaji zaidi skripti zisizochagua sheli, na ni kosa kudhani kwamba uangalifu huo ni anasa ya makampuni makubwa, ambayo kwa hakika yaweza kununua mashine za aina moja na kusahau tatizo.

Kuanguka kwa kelele, hata hivyo, si balaa kubwa. Balaa ni skripti inayosema uongo kwa utulivu, na hapa naomba msomaji anivumilie nikionyeshe kisa kimoja kwa karibu, kwa kuwa nimekiona kikiwapotosha watu makini. Fundi ana faili liitwalo orodha, lenye jina la jaribio katika kila mstari, naye anataka kuyaendesha yote na kuhesabu yaliyoanguka:

makosa=0
cat orodha | while read jina; do
  ./jaribu "$jina" || makosa=$((makosa+1))
done
[ "$makosa" -eq 0 ] && echo "Yote yamefaulu"

Hakuna neno hata moja hapo lililo nje ya mkataba. Katika ksh ya Korn na katika zsh hesabu hutoka sahihi. Lakini katika bash na katika dash, kila kipande cha bomba, yaani kila amri iliyounganishwa na mwenzake kwa ile alama ya |, huendeshwa katika nakala ya pembeni ya sheli. Kigeu cha makosa huongezeka ndani ya nakala hiyo, na bomba linapomalizika nakala hufutika pamoja na hesabu yake, na sheli mama inabaki na sifuri aliyoandika fundi mwanzoni. Majaribio yote yaweza kuanguka, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, na skripti itatangaza kwamba yote yamefaulu. Aliyeiandika akitumia zsh katika Mac yake ataiona ikifanya kazi barabara, ataikabidhi kwa wenzake, nayo itakwenda kuwahakikishia watu uzima wa programu iliyokufa. Mkataba wa POSIX unaruhusu tabia zote mbili, hivyo hapana sheli ya kulaumiwa. Dawa iliyozoeleka ni kuliondoa bomba na kuandika done < orodha mwishoni mwa mzunguko. Ila sheli kongwe ya Bourne, ambayo mifumo ya Solaris iliendelea kuibeba kwa miaka mingi, ilifanya nakala hata hapo, na kwa sababu hiyo mafundi wa zamani waliandika kila anguko katika faili la pembeni, kisha wakalisoma faili hilo mwishoni. Mimi nawaunga mkono wazee hao: maandishi yaliyo katika faili hayategemei sheli yoyote.

Tarehe 24 Septemba 2014 ulimwengu ulipata sababu nyingine ya kutofunga kila kitu kwenye bash, pale ilipotangazwa kasoro iliyoitwa Shellshock, ambayo Stéphane Chazelas aliigundua, na iliyokuwa imelala ndani ya bash tangu mwaka 1989, ikimwezesha mtu wa mbali kupenyeza amri zake kwa njia ya vigeu vya mazingira. Mifumo ambayo sh yake ilikuwa dash ilipata nafuu kubwa.

Mfano bora wa kazi hii ikifanywa kwa ukamilifu uko katika Git, programu ya kutunza historia ya misimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwezi wa Aprili mwaka 2005 na kutunzwa na Junio Hamano tangu Julai ya mwaka huo, ambayo karibu kila mwandishi wa programu wa Fedha huitumia kutwa. Majaribio yake, ambayo sasa yanajaza mafaili mamia, yameandikwa kwa sheli, na sheria za uandishi wake ni kali: hakuna [[; hakuna -a wala -o ndani ya test, kwa sababu maswali yaliyounganishwa kwa alama hizo hayana tafsiri moja yakini, bali test mbili huunganishwa kwa && au ||; na penye haja ya alama za mkwaju hutumika printf badala ya echo. Vijana wetu hawahitaji kusafiri kwenda kujifunza, maana darasa lenyewe limo ndani ya msimbo waliokwisha kuupakua. Tangu mwaka 2012, aidha, ipo ShellCheck ya Vidar Holen, inayosoma skripti na kuonyesha maneno mengi ambayo sheli iliyotajwa katika mstari wa kwanza haitayaelewa. Nayo ni ya bure, na hufanya kazi hata katika kompyuta dhaifu. Lakini ShellCheck husoma tu, na kusoma si sawa na kuendesha.

Toleo jipya la mkataba lilitoka mwezi wa Juni mwaka 2024. Limezifuta -a na -o katika test baada ya miaka mingi ya kuzionya. Limeikubali pipefail, ambayo huwezesha anguko lililotokea katikati ya bomba lisifichwe na amri ya mwisho. Mabano mawili ya Korn yamebaki nje, kama yalivyobaki mwaka 1992. Na swali la kipande kipi cha bomba kiendeshwe katika nakala ya pembeni limeachwa wazi kama lilivyokuwa. Dash iliyo ndani ya Ubuntu nyingi zinazotumika leo haijaijua pipefail, kwa hiyo anayeandikia mashine za mtaa huu atangoja. Kwa sasa, desturi inayoanza kushika miongoni mwa waandishi wa programu hapa ni kuiendesha skripti ile ile, kabla haijakabidhiwa, katika dash, bash, ksh, zsh na sheli ya BusyBox, kwa mzunguko mfupi ambao wenyewe umeandikwa kwa maneno ya mkataba tu. Sheli zote tano huingia katika kipakatalishi cha mtumba bila ya kujaza nafasi, na mara nyingi inayokataa kwanza ni dash.